SOMO LA AFYA: TUPIME KWANZA, NDIPO TUNYWE

Soma: Matendo ya Mitume 17:10-12



Watu wa Beroya walimpokea Paulo kwa moyo, lakini kila siku walichunguza wenyewe kama maneno yake ni kweli. Biblia haiwalaumu, inawasifu. Basi kuuliza si kukosa imani. Tunalihitaji somo hili hata katika afya, maana wauza dawa wanapita mlango kwa mlango, na kila mmoja ana ushuhuda.

Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu, wengine kutoka nchi jirani, walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapila, aliyeitwa Babu, aliwapa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha kuwa inaponya UKIMWI, kisukari na magonjwa mengine sugu. Wagonjwa wengine walifia njiani au kwenye foleni. Wengine waliacha dawa za hospitali, na mtu mwenye virusi vya UKIMWI akiziacha, virusi huongezeka tena mwilini hata kama anajisikia mzima.

Kwa hiyo, tukiletewa dawa mpya tuulize:

1. Je, inasemekana inaponya kila ugonjwa? Malaria, kisukari na kifua kikuu vina asili tofauti. Dawa moja haiponyi vyote.
2. Je, aliyepona alipimwa kabla na baada, au alijisikia nafuu tu?
3. Je, tunaambiwa tuache dawa za hospitali? Hapo tukatae mara moja.

Kuombea wagonjwa tutaendelea. Lakini maombi hayatuzuii kwenda zahanati.

Tukumbuke pia kwamba mambo madogo ya kila siku huokoa wengi. Mwaka 2015 kipindupindu kiliwapata ndugu zetu waliokimbia Burundi na kukusanyika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Ugonjwa huo huenezwa na maji na chakula vyenye uchafu wa choo. Basi tunawe mikono kwa sabuni, au majivu kama sabuni imekwisha, baada ya kutoka chooni na kabla ya kupika, kula na kulisha mtoto. Maji ya kunywa tuyachemshe au tuyatie dawa, na dumu tulifunike. Usiku tulale ndani ya chandarua.

Mtoto akiharisha, tumpeleke zahanati upesi, huku tukimnywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Pakiti ya zahanati ikikosekana, tuchanganye lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visijae kilima. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Maswali ya kujadili nyumbani:
- Ni dawa gani tuliyoisikia mwezi huu? Je, inapita maswali yale matatu?
- Nani nyumbani kwetu atahakikisha sabuni au majivu yapo karibu na choo?