Somo la Barazani: Je, Gari Lililonunuliwa Laweza Kurudishwa?

Katika vituo vyetu nchini Uganda hufika mara kwa mara mtu mwenye ufunguo mkononi na uchungu moyoni. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyenunua gari lililotumika kwa shilingi milioni 18, akiba ya miaka mingi. Muuzaji alimwapia kwamba injini haijapata kufunguliwa. Siku ya tatu gari likatoa moshi mzito, na fundi akaona injini ina ufa uliozibwa kwa gundi. Muuzaji akamwonyesha risiti: “Mali ikishauzwa hairudishwi.” Mwalimu akaja kwetu akitaka muuzaji afungwe siku hiyo hiyo.

Kwanza tuseme wazi: mnunuzi hana haki ya kurudisha gari kwa sababu tu amebadili nia, au ameona jingine la bei nafuu. Mapatano ni mapatano.

Hata hivyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamlinda mnunuzi. Muuzaji sharti awe na haki ya kuuza, na gari lilingane na maelezo yaliyotolewa. Anayeuza kwa biashara anatakiwa pia kutoa gari lenye ubora unaofaa. Lakini kasoro ambayo mnunuzi alionyeshwa, au ambayo ukaguzi wake mwenyewe ulipasa kuifichua, hawezi kuilalamikia baadaye. Kadhalika, Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inamruhusu aliyeingizwa katika mapatano kwa hila kuyavunja. Maneno ya risiti hayamsafishi mwongo.

Anayetaka kulikataa gari asikawie. Akiendelea kulitumia miezi, akalipaka rangi au kulibadilisha injini, huhesabiwa amelikubali. Aliegeshe, amwarifu muuzaji kwa maandishi, na atunze ripoti ya fundi.

Polisi wana nafasi gani hapa? Sisi si wakusanya madeni. Kasoro iliyojitokeza bila hila ni shauri la madai, na hupelekwa mahakamani. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 husikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo, bila kulazimika kuwa na wakili. Hakimu wa Daraja la Kwanza husikiliza hadi milioni 20, na Hakimu Mkuu hadi milioni 50. Bali muuzaji aliyesema uongo akijua, akajipatia fedha kwa uongo huo, ametenda jinai ambayo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Hapo tunafungua jalada na kuchunguza. Mwalimu wetu anazo njia zote mbili: ufa uliozibwa kwa gundi ni dalili ya hila, ingawa sharti ithibitike kwamba muuzaji aliujua. Lakini hata mtuhumiwa akikamatwa, fedha hazirudi zenyewe; huenda ikambidi mwalimu afungue madai pia.

Jambo zito zaidi ni gari la wizi. Likitambuliwa, tunalishikilia hata kama mnunuzi hakujua. Dai lake litabaki kwa aliyemuuzia, naye akishatoroka bila jina wala anwani, hasara ni ya mnunuzi.

Basi kinga ni bora. Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chasisi na ya injini na kitabu cha gari, kisha uthibitishe kwa mamlaka ya usajili. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Mapatano yanayozidi shilingi 500,000 sheria inayataka kwa maandishi. Ahadi kuhusu injini nayo iandikwe humo. Lipa kwa benki, na ubaki na nakala ya kitambulisho cha muuzaji.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini mwalimu hakupaswa kuendelea kuliendesha gari?
2. Ni lini kasoro ya gari huwa jinai?
3. Ni maandishi gani yangemsaidia tangu mwanzo?