MAJINA YASIYOANDIKWA

Somo letu la leo ni juu ya makaburi ya vita. Someni polepole, kisha mzungumze darasani au barazani.

Kuanzia mwaka 2014 Serikali ya Uingereza ililipia safari za wanafunzi wa sekondari kwenda Ubelgiji na Ufaransa. Walikwenda kutazama makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa mwaka 1914 hadi 1918. Katika mji wa Ypres, Ubelgiji, liko lango kubwa liitwalo Menin Gate. Ukutani yamechorwa majina ya askari zaidi ya 54,000 ambao makaburi yao hayajulikani. Mwanafunzi akitafuta jina la babu wa babu yake, huenda akaliona.

Je, mtoto wa Singida naye aende wapi? Maana vita hiyo ilifika hata kwetu. Wajerumani waliotutawala walipigana na Waingereza na Wabelgiji humu humu nchini. Wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo risasi na chakula vilibebwa vichwani na wapagazi. Pande zote mbili zilikamata watu kwa nguvu. Wapagazi wengi sana walikufa, hasa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Waliobaki nyumbani nao hawakusalimika. Majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe, kisha mvua ikakosekana. Huko Ugogo, pamoja na Manyoni yetu, njaa iliyoitwa Mtunya iliua maelfu ya watu kati ya mwaka 1917 na 1920.

Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika. Lakini hebu izunguke yote: hutaona orodha ya majina yao. Kamisheni ya Makaburi ya Vita iliwawekea Waafrika wengi ukumbusho wa jumla tu, bila majina. Mwaka 2021 Kamisheni hiyo ilikiri kosa ikaomba radhi. Radhi ni jambo jema, lakini haitutajii marehemu wetu.

Majina yaliyobaki yamo vichwani mwa wazee, na mzee akifa, huenda nayo. Basi wewe uliyehitimu kisomo, kazi hii ni yako. Chukua daftari, umwendee mzee wa ukoo. Mwamkie, kisha umwulize: Nani alichukuliwa? Alitoka kijiji gani? Alirudi? Andika jina lake kamili, na jina la aliyekusimulia. Andika pia waliokwenda Vita ya Kagera, mwaka 1978 hadi 1979. Baadhi ya mashujaa wa vita hiyo wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera.

MASWALI
1. Kwa nini mizigo ya vita ilibebwa na watu?
2. Menin Gate na Sanamu ya Askari zinatofautiana kwa jambo gani?
3. Katika ukoo wenu, ni jina la nani utakaloandika kwanza?