Pimeni masikio kabla ya wembe

Mtathmini wa watoto wenye mahitaji maalumu anajibu barua za wazazi wa Pwani.

Mwanangu ana miaka mitatu (wengine mmeandika minne, mmoja mitano na nusu) na haongei. Nyanya yake anasema akatwe ulimi. Nimpeleke?

Hapana. Barua za aina hii zimenijia nyingi mno, kwa hiyo nitazijibu pamoja na kwa kirefu.

Kile kiutando cha chini ya ulimi kikiwa kifupi, mtoto mchanga huenda akashindwa kushika titi vizuri. Akikua, sauti kama l na r huenda zikamtatiza. Basi. Hakimzuii kulijua jina lake, wala kunyoosha kidole kwenye kikombe anachokitaka, wala kusema "mama". Asiyesema kabisa ana tatizo kwingine: huenda hasikii, huenda ana usonji au mtindio wa ubongo, au ukuaji wake wa akili uko nyuma. Wembe haufiki huko. Unamtoa damu, unamtia vijidudu, kisha nyote mnakaa mwaka mzima mkisubiri maneno ambayo hayaji. Mwaka huo ndio unaoniuma.

Anzeni na masikio. "Anasikia, nikipiga makofi anageuka." Mama, ameuona mkono wako. Tena mtoto anaweza kusikia ngoma na mlango ukibamizwa, lakini s, f na t zisimfikie, na maneno yakamwingia yakiwa vipande. Nendeni kliniki ya masikio katika hospitali ya kaunti, apimwe kwa mashine. Hata mtoto mchanga hupimika, kwa hiyo msikubali kuambiwa bado ni mdogo. Na sikio linalotoa usaha halijawahi kuwa "mambo ya watoto". Linatibika, na likipuuzwa linaharibu usikivu.

Mume wangu anasema wavulana huchelewa, tungoje.

Mtoto wa miezi 18 asiye na neno hata moja apimwe, awe mvulana au msichana.

Naogopa kwenda EARC. Nimeambiwa mtoto ataandikwa "mlemavu" na kupelekwa bweni la mbali.

Vituo hivi vya tathmini ya elimu vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yake ni kutazama mtoto anaweza nini na anahitaji nini. Pendekezo linaweza kuwa shule iyo hiyo ya mtaani kwenu akipewa msaada, au kitengo maalumu ndani yake, au shule maalumu. Dai nakala ya ripoti, uiweke nyumbani. Faili za ofisini zinapotea, nimeziona zikipotea.

Na msichanganye ripoti hiyo na uchunguzi wa madaktari hospitalini, ule wa kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ripoti haikupi kadi ya ulemavu, na kadi haimpangii mtoto darasa. Fuatilieni zote mbili.

Mwalimu mkuu amemkataa binti yangu kwa kuwa bado anavaa nepi.

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu anapotafuta nafasi shuleni. Mwombe mwalimu akuandikie sababu zake kwa barua, aweke sahihi na muhuri. Wengi wakifika hapo hukumbuka kwamba nafasi ipo. Akikataa hata kuandika, nenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo siku iyo hiyo.

Kuna wakala anataka pesa ili amwingize mwanangu Inua Jamii.

Usimpe hata shilingi. Inua Jamii ni fedha za msaada za serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa ulemavu hulenga nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa wakati wote. Uliza kwa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii.

Tumeambiwa tumwachishe dawa za kifafa mpaka kisomo kiishe.

Kisomo kiendelee, kombe anywe, na dawa asikose hata siku moja. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na hilo huua. Akishikwa kwa zaidi ya dakika 5, mkimbizeni hospitalini, asomewe huko huko.