Dar Hadi Mbeya: Simama Vizuri au Pita

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya imepita kando ya uwanja wa vita, ngome, makaburi ya wapigania uhuru na korongo lenye zana za watu wa kale. Wengi wetu tunaoipita na gari la familia husimama kwa mambo matatu tu: kuchimba dawa, kula kuku na kuandikiwa faini. Anayetaka zaidi ya hapo ayachukue haya kama masharti.

Usijaze siku. Ukishawaahidi wenyeji wa Mbeya kwamba mtakula wote chakula cha usiku, umejifunga. Utaona kibao cha mambo ya kale, utasema "tutapita siku ya kurudi", na siku ya kurudi haraka itakuwa maradufu. Panga kulala Iringa. Wenyeji waambie unafika kesho, saa usiitaje.

Usisimame Kitonga. Hata kwa picha moja. Malori yanashuka pale breki zikinuka moto, na kona haikupi nafasi ya kukimbia. Ukikuta matawi mabichi yametupwa barabarani, jua kuna gari limekufa mbele. Na Mikumi, ambako lami inakata hifadhi kwa kilomita kama 50, nyani usimrushie ndizi na usishuke garini. Vibao vya mwendo viheshimu hata kama trafiki mwenye tochi humwoni.

Ingia Mazimbu. Ni nje kidogo ya mji wa Morogoro, na wenye magari wanaolijua lango lake ni wachache mno. Lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Tanzania ikawapa ANC ya Afrika Kusini, nao mwaka 1978 wakaanzisha shule kwa ajili ya vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi. Shule ikabeba jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa hiyo jitambulishe getini na useme unataka kuona makaburi ya wapigania uhuru. Redio ya gari izime kabla hujafika hapo.

Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na nyanya za Ilula nunua siku ya kurudi. Nyanya hazivumilii siku mbili ndani ya buti.

Lugalo shuka garini. Kuuona mnara kupitia dirishani hakuhesabiki. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliuvamia hapo msafara wa Wajerumani ukiwa kwenye mstari mrefu, wakamuua kamanda wao, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Bunduki zilizotekwa siku ile zilikuwa mamia. Lakini mnara uliopo waliujenga Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Waeleze watoto hilo kabla hawajaanza kupiga picha za kuruka.

Kalenga usiende ukiwa na dakika kumi. Ni kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, na hapa ndipo ninapokuwa mkali kuliko kwingine. Palikuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ngome ambayo Wajerumani waliipiga kwa mizinga mwaka 1894. Mkwawa aliponyoka, akapigana miaka mingine, na mwaka 1898 akajipiga risasi asikamatwe akiwa hai. Wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaja kwa jina kwamba fuvu lake lirudishwe, lakini lilirudi 1954. Gavana Edward Twining alilichagua kati ya mafuvu ya makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa za Mkwawa, akalikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Adam Sapi Mkwawa.

Sasa fuvu liko ndani ya kioo, mbele yako. Vua kofia. Omba ruhusa kabla ya kutoa simu, na ukikataliwa, shukuru. Usijipige picha ukitabasamu kando ya kichwa cha marehemu wa watu. Ukoo wake uko hai na huenda anayekuongoza ni wa ukoo huo. Kuna wanaobishana kama kweli fuvu ni lake. Ubishi huo una hoja zake, lakini usiuanzishe pale mlangoni ili uonekane msomi.

Isimila usitie jiwe mfukoni. Baada ya Iringa, kilomita kama 20 kuelekea Mbeya, utakuta shoka za mawe zilizochongwa na watu wa kale, nyingine ziko chini pale pale. Mwanaakiolojia Clark Howell alichimba hapa mwaka 1957 na 1958. Jiwe likiondolewa kwenye udongo wake linabaki jiwe tu, hakuna mtaalamu atakayelisoma, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakuhesabu mkosaji. Nguzo za mchanga kule korongoni usizipande wala usizichonge jina la mpenzi wako. Mvua ikiwa imenyesha, msikilize mwongozaji akikuambia usishuke.

Lipa kiingilio, dai risiti. Asante ya mwongozaji ni jambo jingine. Mpe mkononi, na usimwulize kwanza wenzako wamempa ngapi.

Kimondo cha Mbozi usikigonge. Kiko mbele ya Mbeya, njia ya Tunduma: chuma cha tani nyingi, urefu kama mita tatu, kilichoanguka kutoka angani. Watu hukigonga kwa mawe wasikie mlio, humpandisha mtoto juu kwa picha. Wewe acha. Ukiingia Mbeya saa kumi na moja jioni, lala mjini, ukifuate asubuhi. Usiku barabara ile ni ya malori.