Helikonia Inayoning'inia: Panga Lisipite Ovyo

Wapita njia hapa Tanga huzishika zile pembe nyekundu zenye ncha za njano zinazoning'inia kwenye uzio wangu, wakiuliza kama ni plastiki. Ni helikonia, mmea ambao asili yake ni Amerika Kusini, nchi kama Peru na Bolivia. Zile pembe ni majani yaliyogeuka rangi tu. Ua lenyewe ni dogo, limejificha ndani, na ndege aitwaye chozi analijua: hujibandika kwenye shada kichwa chini, akazamisha mdomo.

Ukijua kutunza mgomba, nusu ya kazi unaijua. Omba chipukizi lenye kipande cha tunguu na jicho lake, maana shina tupu halioti. Masika yakianza, changanya udongo na samadi iliyooza, fukia tunguu kina cha sentimita 10 hivi, kisha tandaza majani makavu juu yake. Pachaguliwe mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, palipokingwa na ukuta, la sivyo kusi itayachana majani yawe nyuzinyuzi. Udongo uwe na unyevu siku zote, ila maji yasituame.

Wengi hukosa maua kwa sababu ya panga. Kila shina hutoa shada mara moja tu, tena likishakomaa. Anayekuja "kusafisha" bustani hufyeka mashina marefu akabakiza machanga, na hapo amefyeka maua ya miezi ijayo. Kabla ya kukata, tazama juu, katikati ya majani: ukiona kikonyo cha shada kilichokauka, shina hilo limemaliza kazi, likate chini kabisa. Mengine yaache.

Ukitaka maua ya mezani, kata asubuhi mapema, pembe nyingi zikiwa zimeshafunguka, kwani zilizofumba zikishakatwa hazifunguki tena. Ziweke kwenye maji mengi, mbali na friji. Baridi kali huzifanya nyeusi. Na anayehofia mbu asiwe na wasiwasi: pembe hizi zimeinama, hazikingi maji ya mvua kama za helikonia zinazosimama wima.

Mwaka wa kwanza ukipita bila shada, usiung'oe mmea. Ongeza samadi, mwagilia, na mashina yaache yakomae.