Sakafu na Mawazo

Mtu akikonda bila homa, majirani husema ana mawazo. Wamesema kweli kuliko wanavyodhani, kwa sababu mawazo ni kazi inayofanywa na mwili.

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo. Ubongo ukihisi hatari hupeleka ujumbe, na tezi hizo humwaga homoni iitwayo kortisoli. Sukari hupanda kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Shughuli zisizo za haraka husubiri. Ukikutana na nyoka njiani, huo ni msaada mkubwa. Nyoka akishapita, kortisoli yenyewe huuarifu ubongo kwamba imetosha, na mwili unapoa.

Lakini kodi ya nyumba haiingii kichakani ikapotea. Deni la dukani unalala nalo na kuamka nalo. Tahadhari iliyokusudiwa dakika chache ikidumu miezi, usingizi huvurugika na moyo huchoka.

Chukua mfano wa sakafu ya udongo. Alfajiri mama ananyunyiza maji kutuliza vumbi, kisha anafagia kwa chelewa. Jua likipanda, vumbi limerudi. Mtoto anayetambaa anaokota kitu, anatia mdomoni. Mama anaacha mboga motoni, anakimbia kumtoa. Katika udongo huo mna mayai ya minyoo yasiyoonekana kwa macho, na hakuna fagio la kuyamaliza. Mvua ikinyesha usiku, anaamka kukunja mikeka. Mama huyu yuko zamu mchana na usiku. Tukimwambia ajikaze, tunamwonea: kujikaza ndiyo kazi ambayo mwili wake haujapumzika kuifanya.

Tutajuaje basi kwamba ni sakafu inayomchosha? Tulikalie swali hili, maana ndilo gumu. Mwenye sakafu ya udongo mara nyingi hana akiba wala kazi ya uhakika. Tena wapo wanaogeuza hoja: eti huzuni ndiyo iliyomfanya maskini. Ili kuzitenganisha nyuzi hizi, inabidi sakafu ibadilike peke yake, mengine yabaki vilevile.

Kaskazini mwa Meksiko jambo hilo lilitokea. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila lilianza mpango wa Piso Firme, yaani sakafu imara. Lori la zege lilifika mlangoni, wenye nyumba wakasaidia kusambaza zege hilo, hadi mita za mraba 50, bila malipo. Mji wa Torreón umo Coahuila. Ng'ambo ya mto Nazas kuna Gómez Palacio, ulio katika jimbo la Durango, ambako mpango haukuwa umefika. Miji hiyo imeshikana: hali ya hewa moja, watu wanavuka kwenda kazini. Watafiti wakalinganisha kaya zilizofanana za pande mbili, na mwaka 2009 wakachapisha matokeo.

Kwenye zege, minyoo, kuhara na upungufu wa damu vilipungua kwa watoto. Hilo lilitarajiwa. Lililonigusa mimi ni habari za akina mama: dalili za sonona zilikuwa chache zaidi, msongo ulishuka, na waliridhika zaidi na maisha yao. Mpango haukuwapa ushauri nasaha, wala fedha mkononi. Umaskini ulikuwapo bado; zamu moja tu ilikuwa imeondolewa. Mama aliweza kumweka mtoto chini, akamgeuzia mgongo, akakoroga chungu chake mpaka kikaiva.