Kadi ya Mlango: Ufunguo Unaonakiliwa Bila Kuibwa
Wafanyabiashara wengi watokao Busia, Malaba na Mutukula hulala Kampala wakiwa na fedha za mzigo. Katika mitaa kama Kabalagala, baadhi ya nyumba za wageni hufungua milango kwa kadi ya kielektroniki. Yafaa tuielewe.

Kadi hii haina betri. Ikisogezwa karibu na kitasa, hupata nguvu kutoka kwa mawimbi ya redio ya kitasa hicho, kisha huitaja namba yake. Kadi nyingi za kilohezi 125 huitaja namba hiyo wazi kwa kifaa chochote kinachoweza kuzisoma. Anayeishika kwa muda mfupi tu aweza kuinakili, nawe usishuku, kwa kuwa yako ungali nayo. Kadi za megahezi 13.56 zaweza kulindwa kwa msimbo wa siri. Hata hivyo, msimbo wa MIFARE Classic ulivunjwa na watafiti mwaka 2008.

Kwa hiyo, ndugu msomaji:
1. Usimwachie mtu kadi yako, wala usiandike juu yake namba ya chumba.
2. Ikipotea, usitosheke na kupewa nyingine; hakikisha mapokezi wameifuta ya kwanza.
3. Ulalapo, funga komeo la ndani.

Ukiibiwa, usiguse kitu. Piga 999 au 112.